Vipande Vinavyosalia Katika Soketi



Mwinjili Yohane, katika sura ya 6, anatusimulia jambo ambalo mara nyingi tunalipita kwa haraka. Bwana alipokwisha kuwashibisha watu wapatao elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye masazo yote, na masazo hayo yakajaza vikapu 12. Yeye aliyeizidisha mikate mitano hakuona haya kuyajali makombo. Juma hili tunapenda kulitafakari fundisho hilo kwa kutazama jambo dogo la sebuleni: umeme unaoliwa na vyombo ambavyo hakuna anayevitumia.

Tunapoizima runinga kwa rimoti, kwa kweli hatujaizima. Ile taa ndogo nyekundu hutuambia kwamba chombo kingali macho, kinasubiri amri. King'amuzi na sabufa hufanya vivyo hivyo, usiku kucha na mchana kutwa, hata sisi tukiwa shambani au kanisani. Tuseme vyombo hivyo vitatu kwa pamoja vinavuta wati 20, navyo hukaa saa 18 kwa siku bila kutumika. Hizo ni uniti 10.8 kwa mwezi.

Je, ni kidogo? Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, kaya yenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Basi uniti hizo 10.8 ni kama sehemu moja ya saba ya fungu lote la mnyonge. Zikiwa ndani ya fungu, ni shilingi 1,080. Zikilivusha fungu hilo, ni shilingi 3,780. Mama anayenunua LUKU kwa kudunduliza anajua tofauti hiyo ina maana gani.

Sisi wa Masasi na Newala tunayo sababu nyingine ya kulitafakari jambo hili. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama ardhini upesi, wala hakuna mito ya kutegemea. Ndiyo maana wazee wetu walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Leo maji ya mradi wa Makonde husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, upande wa Kitangari, na pampu hizo zinahitaji umeme. Hatudai kwamba uniti iliyookolewa sebuleni itakwenda moja kwa moja Mitema. Tunasema tu kwamba nishati inayopandisha ndoo ya jirani ni ileile tunayoiacha ivuje bure, nayo haitoki hewani. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na inayozalisha umeme mkoani mwetu, ikishachomwa hairudi.

Wapo watakaosema kwamba viwanda na ofisi kubwa ndivyo vinavyofuja, nasi tunawasumbua maskini. Hoja hiyo ina ukweli, na wakubwa wawajibishwe. Lakini Bwana alifundisha pia kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu katika kubwa. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyahesabu matendo madogo ya kila siku, pamoja na kuzima taa zisizohitajika, kuwa sehemu ya malezi ya kuwajibika kwa mazingira. Hatuwezi kudai uaminifu wa wenye viwanda ikiwa sisi wenyewe hatuujali ule wa nyumbani mwetu.

Tufanye nini basi? Soketi nyingi za nchini kwetu zina swichi ukutani. Kuibonyeza hakugharimu hata senti. Soketi ikiwa nyuma ya kabati, tununue ekstensheni yenye swichi, tuunganishe runinga, king'amuzi na sabufa, tuvizime vyote kwa kidole kimoja. Zipo pia ekstensheni ambazo runinga ikizimwa hukata zenyewe umeme wa vyombo vingine. Ni nzuri, lakini si lazima. Tutafute yenye alama ya TBS, wala tusichomeke humo pasi au jiko, kwa maana ekstensheni dhaifu huchoma nyumba. Jokofu tuliache na soketi yake. Chaja ya simu isiyo na simu huvuta kidogo mno. Tusigombane na watoto kwa ajili yake.

Msimu wa korosho unapofika na fedha ya mnada kuingia, vyombo vipya huingia nyumbani. Huo ndio wakati mwafaka wa kuanza desturi hii. Nasi mapadre tuanze na vipaza sauti na kinanda cha kanisani, pamoja na kompyuta ya ofisi ya parokia, ili waamini waone kwanza kabla ya kusikia. Kisha kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadiliane: kile kitakachookolewa kwa mwezi, hata kama ni shilingi elfu moja tu, kinaweza kumsaidia nani kati ya majirani zetu?

Mungu aliyetukabidhi dunia hii atujalie mikono myepesi ya kutoa na macho yanayoona kinachopotea. Awabariki nyote, pamoja na familia zenu. Amina.