Kimya cha Taa Nyekundu

Shule ambako nilikuwa nikifundisha ilikuwa na pikapu kuukuu ambayo, katika muhula mmoja, ilitugharimu betri mbili. Kila ilipokataa kuwaka fundi alitwambia betri imekufa, naye mwalimu mkuu akatoa fedha zilizokusudiwa kununulia vifaa vya maabara. Aliyegundua kiini cha maradhi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetumwa kuiosha. “Mwalimu,” aliuliza, “taa ya betri mbona haiwaki kamwe?”

Kimya cha taa hiyo sisi tulikifasiri kuwa dalili ya uzima. Kumbe balbu ilikuwa imeungua! Katika magari mengi ya zamani, mathalan yale ya Land Rover Series III yaliyoundwa kati ya 1971 na 1985, taa hiyo si mpiga mbiu tu. Ufunguo unapozungushwa, mkondo mdogo wa umeme hutoka kwenye betri, hupitia balbu na kuingia katika altaneta ili kuiamsha sumaku yake. Injini ikishanguruma, volti za pande mbili za balbu hulingana, nayo taa huzimika. Balbu ikiungua, yamkini altaneta isiamke kabisa. Betri hunyonywa hadi tone la mwisho na dereva asipate onyo lolote.

Kwa hivyo, kabla ya injini kuwashwa, taa sharti ionekane. Ikikosekana, uchunguzi uanzie kwenye balbu na waya zake. Ikiwa haizimiki injini inapozunguka, utazamwe kwanza ukanda, kisha vichwa vya betri, ndipo altaneta ishukiwe. Mita ya volti hukata shauri: betri iliyojaa husoma takriban 12.6 injini ikiwa imezimwa, na ikinguruma hupanda kati ya 13.8 na 14.4. (Wapo mafundi wanaong'oa waya wa betri injini ikizunguka ili “kupima”. Wasikubaliwe, dayodi za altaneta huweza kufa papo hapo.)

Linaloniuma ni kwamba mita tulikuwa nayo kabatini. Tulichora sumaku ubaoni, wanafunzi wakanakili, ilhali pikapu imeegeshwa nje ya dirisha. Walimu wenzangu, watoeni nje wakapime wenyewe. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha.