Akiba ya chakula cha mifugo huoza ghala likiwa bovu

Wahenga walisema akiba haiozi. Mfugaji aliyenunua pumba za mahindi mwezi Julai, akazirundika kwenye sakafu ya udongo, kisha akazikuta mwezi Novemba zimeshikana mabonge na kunuka uvundo, anajua kwamba msemo huo una masharti yake. Akiba haiozi iwapo mahali ilipowekwa ni pakavu.

Kila msimu wa mavuno wafugaji hushauriwa kununua chakula kwa wingi wakati bei iko chini. Ushauri huo ni mzuri, lakini una pengo. Unamwambia mfugaji anunue nini na lini, haumwambii aweke wapi. Matokeo yake, wengi huongeza kuku au ng'ombe kwanza, hununua chakula cha miezi mingi, kisha ndipo huanza kutafuta chumba. Utaratibu huo ni wa kugeuzwa. Ghala ndilo linalotakiwa kutangulia, na kabla ya ghala kutangulie hesabu.

Hesabu kabla ya tofali

Kuku mmoja wa mayai hula wastani wa gramu 120 kwa siku. Mwenye kuku 1,000 anahitaji kilo 120 kila siku, sawa na kilo 3,600 kwa mwezi. Ikiwa nusu ya chakula hicho ni mahindi na mfugaji anataka akiba ya miezi minne, atahitaji kilo 7,200 za mahindi, yaani magunia 72 ya kilo 100. Magunia hayo yakipangwa kwa kimo cha mita mbili huchukua sakafu ya mita tatu kwa mbili hivi. Chumba cha mita nne kwa nne kinatosha, na nafasi ya kupita inabaki. Pumba ni nyepesi, hivyo uzito uleule wa pumba huhitaji nafasi karibu mara mbili.

Kwa upande wa maziwa, mwenye ng'ombe watano wanaopewa kilo sita za chakula cha ziada kila mmoja kwa siku anatumia kilo 30. Kwa miezi mitano ya kiangazi ni kilo 4,500. Marobota ya nyasi kavu yahesabiwe peke yake na yawekwe kwenye banda lake, mbali na nafaka. Nyasi zilizofungwa kabla ya kukauka vizuri huchemka zenyewe ndani ya robota na zinaweza kushika moto.

Mfugaji mwenye kuku 100 hana haja ya kujenga ghala. Anatumia kilo 12 kwa siku, na mapipa machache safi yenye mifuniko yanamtosha. Kujenga kuliko mahitaji ni kufungia mtaji ndani ya kuta.

Faida inavyoliwa na unyevu

Chukulia mfugaji huyo wa magunia 72 amenunua kwa shilingi 60,000 kila gunia, na miezi michache baadaye bei imefika shilingi 70,000. Kwenye karatasi ameokoa shilingi 720,000. Lakini magunia kumi yakiharibika, akiba yake halisi ni ya magunia 62, yaani shilingi 620,000, na humo inatoka hasara ya shilingi 600,000 za magunia yaliyooza. Zinabaki shilingi 20,000, kabla ya kulipa wapakuzi na dawa ya wadudu. Kama fedha zilikuwa za mkopo, riba inamaliza kilichobaki. Asiyekuwa na ghala kavu ni afadhali anunue kidogo kidogo hata kwa bei ya juu.

Hasara ya fedha siyo kubwa kuliko zote. Nafaka iliyopata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wako wanaodhani kwamba mahindi yaliyooza, yasiyofaa kwa ugali, ni halali ya ng'ombe na kuku. Hilo ni kosa. Kuku hudumaa na kupunguza mayai, na ng'ombe aliyekula sumukuvu huipitisha kwenye maziwa ambayo mtoto wa jirani atakunywa. Kuchemsha hakuiondoi.

Kwa hiyo mzigo upimwe kabla haujavuka mlango wa ghala. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 au karibu na hapo. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie mahindi kidogo na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo yarudi kwenye turubai juani. Turubai nzuri ni kifaa cha ghala kama ilivyo kufuli.

Kihenge cha chuma si cha kila mtu

Vihenge vya kisasa vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vilivyojengwa Babati, Songea na kwingineko vimewavutia wengi, na sasa kuna wafugaji wanaoona kwamba bila kihenge cha chuma hawajawa wa kisasa. Wanasahau kwamba vihenge vikubwa vya namna hiyo vina mitambo ya kupuliza hewa, vipimo vya joto na wataalamu wa kuviangalia. Kihenge kitupu kisicho na hayo hupata joto mchana na kupoa usiku, mvuke ukaganda chini ya paa na kudondokea nafaka. Mwenye kihenge kidogo akiweke kivulini na ajaze nafaka iliyokauka kweli.

Liko pia tatizo la chakula chenyewe. Mahindi ya punje hutiririka vizuri, lakini chakula cha unga na pumba hushikana, hukwama juu ya mdomo wa kutolea na kuacha uwazi chini yake. Ndiyo maana vihenge vya chakula cha unga huwa na kitako chembamba chenye mteremko mkali wa nyuzi 60 hivi. Aliyenunua chenye kitako bapa atalazimika kuchokoa kwa mti kila siku, na siku nyingine atashawishika kuingia ndani. Asiingie kamwe, kwani chakula kinaweza kuporomoka na kumfukia. Kwa mfugaji anayetumia pumba, mashudu na dagaa kwa magunia, chumba kizuri kinashinda kihenge.

Vifaa vya kuanza navyo

Fedha ya kwanza iende kwenye sakafu na paa. Sakafu iwe ya zege, iinuliwe juu ya ardhi, na chini ya zege litandikwe karatasi zito la nailoni ili maji ya ardhini yasipande. Paa litokeze nje ya kuta. Madirisha ya hewa yawe na wavu na yaweze kufungwa wakati wa mvua. Mlango uwe mahali ambapo lori linafika hata wakati wa masika, kwa sababu gunia linaloshushwa barabarani hulowa kabla ya kufika.

Fedha ya pili ni ya chaga za mbao, ili gunia lolote lisiguse sakafu, na pawe na nafasi ya nusu mita kati ya magunia na ukuta. Nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha mfugaji kumwona panya na kufagia. Fedha ya tatu ni ya mizani. Bila mizani hakuna anayejua kama gunia la kilo 70 lina kilo 70, wala chakula kinachotoka ghalani kwa siku ni kiasi gani. Daftari na fimbo ya nondo havina gharama kubwa. Nondo ikichomekwa katikati ya rundo kwa muda kisha ikatoka na joto, rundo hilo lifunguliwe siku hiyohiyo.

Mzigo ulioingia kwanza utoke kwanza. Mashudu ya alizeti na pumba za mpunga zina mafuta na huchacha mapema, hivyo zisipangiwe muda mrefu kama mahindi. Chakula kilichokwisha kuchanganywa na vitamini kitumike ndani ya wiki chache. Mikoa ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, nafaka iliyokauka huweza kuvuta unyevu upya, na mfugaji wa Kibaha asijipangie miezi ileile anayojipangia wa Singida.

Kuhusu dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima humwita Scania, itumike dawa iliyoidhinishwa kwa nafaka na kwa kipimo kilichoandikwa. Vidonge vya kufukizia visiwekwe katika chumba kilichoungana na nyumba. Gesi yake huua watu waliolala upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo kazi hiyo iachiwe wataalamu.

Wafugaji wachache wa kijiji kimoja wasiomudu haya yote kila mmoja peke yake wanaweza kujenga ghala moja, wakanunua mizani moja na kila mmoja akaandikiwa magunia yake. Vyovyote itakavyokuwa, mfugaji anayepanga kuongeza mitamba miwili mwaka huu ajiulize kwanza chakula chao cha Januari kitalala wapi. Kama hana jibu, fedha ya mtamba mmoja iende kwenye sakafu.