Mkimbizi na risotto, kwani kuna shida gani?

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo naongea juu ya wali. Hapa Kakuma wenzetu wanaojifunza upishi walipika risotto yenye nyama juu. Maneno yaliyofuata mliyasikia: eti mkimbizi na risotto wapi na wapi, bora wangefundishwa kupika maharage ya watu mia. Mimi sikubali.

Risotto ni wali wa kaskazini mwa Italia. Wengi wanadhani ule ulaini ni krimu. Hapana, ni wanga wa mchele wenyewe. Unakaanga kitunguu, unatia mchele bila kuuosha, unaongeza supu ya moto upawa mmoja mmoja huku unakoroga, kama dakika 18 hadi 20. Mwisho siagi na jibini. Sisi wali ukilainika hivyo tunauita bokoboko na tunamcheka aliyepika! Kule Milan wanautia zafarani, wanaupakua pamoja na muundi wa ng'ombe, ule mfupa wenye uboho, na mgeni analipa pesa nzuri.

Na si kwamba ni jasho la matajiri. Mashamba ya mpunga ya bonde la mto Po yalipaliliwa miaka mingi na wanawake maskini, vibarua wa msimu, miguu ndani ya maji, mgongo umeinama kutwa. Mama zetu waliolima mpunga kule Ruzizi wangewaelewa bila mkalimani.

Sasa tuje kwenye kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inatambua haki yetu ya kufanya kazi. Kupata kibali ni hadithi nyingine, na kutoka kambini pia kunataka karatasi. Lakini siku kibali kikitoka, jiko la hoteli litakuuliza unajua kupika nini. Ukijibu maharage tu, utapewa sufuria za kuosha. Kwa hiyo anayesema tufundishwe vyakula vya kambi peke yake, ametupangia kubaki kambini.

Lawama yangu iko kwingine. Mafunzo mengine yanakuja na krimu na jibini kutoka Nairobi, mwalimu anapiga picha, anaondoka, na mwanafunzi hawezi kurudia somo hata mara moja. Halafu makaa hakuna anayeyahesabu. Tunayanunua kwa majirani zetu Waturkana, na muundi unataka saa mbili au zaidi. Nyumba gani itaweza hiyo? Mtu akileta somo la upishi, alete na hesabu ya moto. Nyama ichemke nusu saa, sufuria ifunikwe vizuri, iwekwe kwenye kikapu kilichojaa blanketi kuukuu, ijimalizie yenyewe huko kwa saa kadhaa. Kabla ya kula irudishwe motoni ichemke tena.

Viungo navyo vinunuliwe sokoni kwetu. Mchele uliovunjika, ule wa bei ya chini tunaoudharau, unatoa wanga mwingi, tena bila kukoroga sana. Chagueni mawe vizuri, ukikavu. Nyama ya mbuzi inatosha, mifupa ndiyo supu. Siagi ikikosekana tieni Blue Band. Jibini tuiache kwanza.