Uhai Umetoka Angani? Kwanza Usiguse Jiwe!

Jamani, habari hii imenichosha. Tangu Januari 2025, wanasayansi walipotangaza kwamba mavumbi ya asteroidi Bennu yana asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe hai, kila ninayekunywa naye chai pale Westlands ananiambia eti imethibitishwa: uhai umetoka angani. Haijathibitishwa! Matofali si nyumba.

Kuna na wale wanaosema jambo hili halipimiki kabisa. Linapimika, tena limepimwa. Wajapani waliweka bakteria nje ya kituo cha anga cha kimataifa, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba walio ndani ya marundo yenye unene wa nusu milimita na zaidi waliishi miaka 3. Wazungu wa ESA nao mwaka 2007 walifunga mawe yenye vijidudu kwenye ngao ya joto ya chombo cha Foton. Kuingia duniani kuliviua vyote.

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo lenyewe: jaribio likichanganyika na uchafu wa nje, hata likipita halina maana. Ushahidi uko hapa jirani. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, Tanganyika, karibu na Ziwa Rukwa. Ni kama gramu 700 tu, lakini kundi zima la vimondo adimu, CI, limebeba herufi yake. Mwaka 1961 Claus na Nagy waliandika katika jarida la Nature kwamba ndani ya jiwe hilo, na lile la Orgueil la Ufaransa, wameona mabaki ya viumbe vidogo. Wengine walipochungulia, baadhi ya "viumbe" hivyo vilikuwa chavua ya mimea ya hapa hapa duniani. Na msidhani hayo ni ya zamani: mwaka 2024 watafiti wa London walieleza jinsi punje ya asteroidi Ryugu ilivyoota vijidudu vya duniani baada ya kufunguliwa.

Sasa sisi. Julai 2011 kimondo kilianguka karibu na Thika, bahati nzuri cha aina ya kawaida. Je, kesho kikianguka cha aina ya Ivuna pale Dagoretti? Mtu atakiosha kwa maji ya bomba ili kipendeze kwenye picha, na mawe hayo yakilowa humomonyoka. Basi!

Ninachodai ni karatasi moja tu, ibandikwe kwa kila chifu na kila kituo cha polisi. Usishike kwa mkono. Usioshe. Usijaribu kwa sumaku. Funga kwa foili safi, andika saa na mahali, peleka kwa wanajiolojia wa chuo kikuu pale Chiromo. Halafu chota udongo uliokuwa chini ya jiwe, uufunge peke yake, upelekwe pia. Bila udongo huo hakuna atakayejua kipi kilishuka na jiwe na kipi ni cha Dagoretti.