NYUMBA SI SADAKA, NI HAKI



Mwezi wa Mei 1990, wiki chache kabla ya Saba Saba, tingatinga ziliingia Muoroto jijini Nairobi na kubomoa vibanda vya maskini. Novemba mwaka uo huo ikawa zamu ya Kibagare. Watawala wa chama kimoja waliyaona makao hayo kuwa uchafu wa kuondolewa mjini. Sisi twauliza: tangu lini binadamu akawa takataka? Waliodai vyama vingi hawakudai sanduku la kura peke yake. Walidai pia kwamba asiye na kitu asihesabiwe kuwa si mtu.

Vyama vingi tulivipata 1991. Katiba mpya tuliipata 2010, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Mwaka wa 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitumba, kijiji kilichobomolewa 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba maskini aliyejenga makao katika ardhi ya umma, hata kama hana hatimiliki, anayo haki ya makao inayostahili kulindwa. Sheria, basi, tunayo. Lililokosekana ni utiifu. Baada ya mafuriko ya 2024, tingatinga zilirejea Mathare na Mukuru, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila jamii. Je, hiyo ndiyo bei ya maskani ya mtu?

Tutaambiwa kwamba kingo za mto ni mahali pa hatari. Hatubishi, mafuriko yale yaliua. Lakini hakuna mzazi alazaye wanawe kando ya maji machafu kwa kupenda. Amesukumwa huko na kodi asiyoimudu kwingineko. Kumwondoa bila kumwonyesha pa kwenda si kumwokoa. Ni kumhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine.

Tutaambiwa tena kwamba ardhi ni haba. Hapo twakataa kata kata. Ukoloni ulimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua mpita njia, akampa mwajiri jasho lake mchana na usiku akatakiwa asionekane. Tulipojitawala, desturi ile haikuzikwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, kana kwamba ni karamu ya wakubwa na marafiki zao. Nabothi hakupoteza shamba lake kwa kuwa ardhi ilikuwa haba Yezreeli. Alilipoteza kwa kuwa mfalme alilitamani, na wazee wa mji wakatii.

Sasa kuna ushuru wa nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Hatusemi nyumba zisijengwe. Twasema anayelipa ana haki ya kuuliza zinajengewa nani. Sheria yenyewe inataja nyumba za kijamii kwa wapatao chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hao ndio mayaya, mabawabu, wachuuzi na vibarua wa viwandani. Ghorofa likisimama palipokuwa na vibanda, na aliyefukuzwa hapo asipate hata chumba kimoja, tutakuwa tumebadilisha wakazi bila kuondoa umaskini.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Mosi, pasibomolewe kibanda kabla ya mwenyewe kupewa ilani na mahali pa kuishi. Pili, nyumba za kijamii zitangulie nyingine zote, na majina ya wanaogawiwa yabandikwe hadharani, mahali anapofika kila mkazi. Tatu, ardhi ya umma iliyonyakuliwa irejeshwe na ijengwe nyumba za walalahoi. Nne, mpangaji wa chumba cha mabati atambuliwe kuwa mkazi kamili, kwani mara nyingi fidia humfikia mwenye kibanda, naye aliyelipa kodi miaka kumi akaondoka na godoro kichwani.

Haya hayatatimia kwa kunung'unika. Kila kanisa lililo karibu na mitaa ya mabanda liandike orodha ya jamii zilizomo, pamoja na miaka waliyokaa, kabla tingatinga hazijafika. Aliyeandikwa hafutiki upesi. Kila kikao cha ushirikishi wa umma kikiitwa, twende kwa wingi, tuulize, na majibu tuyaandike. Muoroto ilivunjwa alfajiri moja huku wengi wakitazama. Safari hii tusitazame.