Marufuku ya sigara: mwenye hisa atazame ushuru

Kila mji unapopiga marufuku uvutaji sigara hadharani, wenye hisa za tumbaku huingiwa na wasiwasi, nao wenye baa hulalamika kwamba wateja watahama. Hofu hizo mbili zinafaa kupimwa kwa hesabu kabla ya mtu kuuza hisa zake kwa bei ya kutupa.

Nchini Kenya, Nakuru ilitangulia mwaka 2006, Nairobi ikafuata Julai 2007, kisha sheria ya nchi nzima ikaanza kutumika Julai 2008. Anayevuta mahali pa umma palipokatazwa aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 15.1 ya wanaume wazima bado wakivuta. Marufuku ya barabarani humfanya mvutaji atafute kona nyingine. Si lazima aache.

Marufuku ya kazini yana nguvu zaidi. Mapitio ya tafiti 26 kutoka Marekani, Australia, Kanada na Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba mahali pa kazi pasipo moshi kabisa, wavutaji hupungua kwa asilimia 3.8 ya wafanyakazi wote, na wanaobaki hupunguza sigara zipatazo 3 kwa siku. Lakini wafanyakazi wengi wa Kenya wako jua kali, sokoni na shambani, ambako hakuna mlango wa ofisi wala msimamizi wa kuwakataza.

Mji wa New York unatoa funzo kwa pande zote. Mwaka 2002 ushuru wa mji kwa pakiti ulipanda kutoka senti 8 hadi dola 1.50. Machi 2003 sigara ikapigwa marufuku katika baa na mikahawa. Watu wazima wanaovuta walishuka kutoka asilimia 21.5 mwaka 2002 hadi 18.4 mwaka 2004. Baa nazo hazikufa: kodi iliyokusanywa kutoka baa na mikahawa iliongezeka kwa asilimia 8.7 katika miezi ya kwanza ya marufuku.

Kwa hiyo marufuku peke yake hupunguza nafasi za kuvuta. Yakiandamana na bei kali, hupunguza wavutaji wenyewe. Ndiyo sababu mwenye hisa za BAT Kenya katika Soko la Hisa la Nairobi hana budi kusikiliza hotuba ya bajeti kwa makini kuliko tangazo la serikali ya mji. Mwaka 2015 serikali iliweka ushuru wa shilingi 2,500 kwa kila sigara 1,000, yaani shilingi 2.50 kwa kila moja, na viwango vimebadilishwa tena tangu hapo.

Mwenye kioski ana hatari yake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuuza sigara nje ya pakiti ya angalau sigara 10, ilhali biashara ya moja moja ndiyo imezoeleka. Faida ya senti chache haiwezi kulipa faini. Afadhali aanze sasa kuhamishia mtaji wake kwenye bidhaa nyingine polepole, kwani mteja aliyeacha sigara hatazamiwi kurudi, wala hapana wa kumlaumu kwa kutaka kuishi zaidi.