Tulioonja Kabla Mlango Haujafungwa

BARAZANI
Na Khatibu Mkunazini

Wazee wengi wa Mji Mkongwe hawasemi Ngome Kongwe. Wao husema Gerezani, na kijana asikiaye hivyo hudhani kuwa wanawakumbuka wafungwa waliowahi kutiwa humo, kumbe neno lenyewe lilitujia kutoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya kanisa, na kanisa ndilo lililosimama mahali pale kabla ya Waarabu wa Omani kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 na kisha kujenga boma lao hapa Unguja juu ya magofu ya Wareno. Hivyo mahali pamoja pamekuwa nyumba ya ibada, kisha boma la askari, kisha jela, kisha karakana ya gari moshi lililokuwa likienda Bububu, mpaka katika miaka ya 1990 pakatiwa vidato vya mawe kwa nusu duara, pakawa mahali ambapo watu hukaa chini ya nyota wakawatazama wenzao wakiimba, wakicheza na kuigiza. Katika majengo yote ya mji huu silijui lililobadilishiwa kazi kwa kheri kuliko hilo.

Juu ya vidato hivyo nilikaa usiku mmoja wa Februari 2020, katika tamasha la Sauti za Busara, na nakiri mbele ya wasomaji wangu kwamba sikwenda kwa hiari. Goti langu la kulia lilikuwa likinisumbua tangu Ijumaa, kikoi cha kulalia nilikuwa nimekwisha kukivaa, na niliona kuwa tamasha linalofanyika tangu 2004, likakosekana mara moja tu mwaka 2016, halina haraka ya kunikimbia. Mwakani nitakwenda, nilisema, goti likipoa. Mwanangu wa kike hakunijibu. Aliitungua kanzu yangu msumarini, akaiweka juu ya mapaja yangu, akaenda kusimama mlangoni hali amekwisha kujitanda buibui lake, na mtu yeyote aliyelea binti katika mji huu anajua kuwa kimya cha namna hiyo hakina rufaa.

Nilikaa kidato cha tatu kutoka chini, juu ya mto niliokwenda nao kwapani kama mzee nilivyo, na taarab ilipoanza, fidla zikalia kwa pamoja, kanuni ikazijibu, nikalisahau goti langu. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, noti wakizishika juu kwa vidole viwili, wakamwendea mwimbaji kwa mwendo ule usio wa kutembea wala wa kucheza, wakamtunza, wakarudi. Mgeni mmoja wa Kizungu aliyekuwa kando yangu aliniuliza, kwa Kiswahili cha kujifunza, kama wale mabibi wanalipa deni. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu usiku ulikuwa mfupi na maelezo ya kweli ni marefu: kwamba mwenye kutunza huyachukua maneno ya wimbo yakawa yake, akamwelekezea amtakaye, awe mke mwenza au jirani au mume aliyechelewa kurudi, pasipo kumtaja jina wala kumtazama usoni, na kwamba kwa hiyo nusu ya mchezo wa taarab haichezwi jukwaani hata kidogo. Tangu usiku ule jibu langu limezidi kuniridhisha kuliko liliponitoka.

Hapana aliyetunong'oneza kuwa mlango uko karibu kufungwa. Tarehe 16 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa skuli na kuzuiwa kwa mikusanyiko. Na kabla ya wiki kwisha Unguja nayo ikawa na mgonjwa wake. Ndege za wageni zikakatika, Forodhani pakawa kimya hata mtu akasikia maji yakipiga ukutani, na Idi iliyokuja mwishoni mwa Mei, kwetu nyumbani, ilikuwa sikukuu ya kusali na kurudi.

Lakini jukwaa la mwisho nililolitazama kabla ya hayo yote halikuwa la Ngome Kongwe. Lilikuwa meza sita zilizounganishwa katika ukumbi wa skuli moja ya Ng'ambo, wiki ya kwanza ya Machi, jioni ya joto isiyokuwa na upepo, na juu ya meza hizo watoto waliigiza Aliyeonja Pepo, tamthilia ya Farouk Topan, mzaliwa wa Unguja, iliyochapwa mwaka 1973, ambayo ndani yake mvuvi hufikishwa mbinguni kwa makosa, kwa kuwa hata huko, kama mwandishi alivyopenda kutuchekesha, yako mafaili na wako makarani wanaoyakoroga. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka kumi, alikuwa malaika mdogo asiyekuwa na jina katika kitabu, aliyeongezwa na mwalimu ili watoto wengi zaidi wapate sehemu. Maneno yake yote hayakufika sentensi mbili. Mbawa zake zilikuwa za boksi la feni, zimebandikwa pamba ya kutilia mito, na nyuma, kama mtu angeinama, angeweza kusoma jina la kiwanda.

Mvuvi alipokwisha kufika mbinguni umeme ukakatika. Watoto wa jukwaani walisimama pale pale walipokuwa, kama askari wasiopewa amri, na ukumbini palipita nukta chache za giza tupu, kisha simu moja ikawashwa, kisha ya pili, kisha thelathini, zote zikaelekezwa mbele, na mbingu ile ya meza na mapazia, ambayo chini ya taa za umeme ilikuwa imeonekana wazi kuwa meza na mapazia, ikageuka kitu kingine. Nyuso za watoto zilielea. Pamba ya mbawa iling'aa. Mzee mwenzangu aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, na ambaye tangu mwanzo alikuwa akipiga miayo, alikaa wima akasema "Subhanallah" kwa sauti ambayo hakuikusudia.

Hapo ndipo zamu ya mjukuu wangu ilipofika, naye akasahau. Mwalimu aliyejificha nyuma ya kanga akamnong'oneza, lakini alinong'ona kwa nguvu za mtu mwenye hofu, ukumbi mzima ukasikia, mtoto hakusikia. Akanong'ona tena. Basi mama mmoja wa mstari wa mbele, mnene, mwenye mtoto mchanga begani, akaona hii imekuwa dhuluma, akamwambia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kama anayemtuma dukani. Malaika akamtazama, akainamisha kichwa kwa adabu, akamjibu: "Nimesikia, bi mkubwa," kisha akayasema maneno yake. Nimeona waigizaji wenye majina makubwa, hapa na Dar es Salaam, lakini kicheko kama kile, cha watu mia mbili gizani, kicheko kisichomdharau mtu na kilichomchukua mtoto kikamweka juu pale pale alipotaka kuanguka, sijakisikia tena.

Mwalimu alituahidi kuwa mchezo utarudiwa baada ya wiki mbili, ili wazazi waliokosa nao wapate kuuona. Wiki mbili zilipotimia ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Milango ya michezo imefungwa mara nyingi duniani, na nimesoma habari zake kwa wivu kidogo. Mwaka 1592 tauni iliwafungia waigizaji wa London kwa karibu miaka miwili, na Shakespeare, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, akaelekea kwenye mashairi marefu ya kuchapwa. Mwaka 1642 Bunge lao likayafunga majumba hayo kwa amri, yakakaa hivyo miaka 18. Na katika Machi yetu ile ile, tarehe 12, majumba ya Broadway kule New York yalizima taa, mengi yakakaa gizani mpaka Septemba ya mwaka uliofuata. Wivu wangu ni huu: wao, milango ilipofunguliwa, waliyakuta maneno yao vitabuni. Sisi kitabu cha Topan tunacho, alhamdulillahi, lakini kitabu hakina yule mama wa mstari wa mbele, na sehemu kubwa ya sanaa ya kisiwa hiki imejengwa juu ya mama huyo.

Tazama mambo ya Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, sauti yake ikatiwa katika santuri, na santuri zile zikamfikisha mbali kuliko mwimbaji yeyote wa kwetu kabla yake. Mimi mwenyewe nimezisikiliza, nikamshukuru Mungu kwa fundi aliyezigundua. Lakini upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua kiasi cha dakika tatu, na wimbo wa taarab mbele ya watu waliochangamka huenda robo saa na zaidi, kwa kuwa kila anayeinuka kutunza huurudisha ubeti. Fauka ya hayo, Siti na wenziwe hawakuwa waimbaji tu, bali katikati ya nyimbo walikuwa wakitia vichekesho, wakiwaigiza wakubwa na mambo ya mjini, na vichekesho hivyo, ambavyo vilivunja mbavu za babu zetu, havikuingia katika dakika tatu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wasifu ule ni johari, lakini hata kalamu yake haikuweza kutuchekesha kwa kichekesho cha usiku ule. Walioviona wamekufa navyo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na rafiki zangu wa barazani wanaosema kuwa siku hizi hapana haja ya kutoka, kila kitu kimo katika simu. Kilichomo katika simu ni santuri ndefu zaidi. Nami sisemi hivi kwa kujiona bora, kwani hesabu yangu mwenyewe ni mbaya. Bi Kidude nilimsikia Ngome Kongwe mara nyingi, akiwa peku, sauti yake ikikwaruza kama mtumbwi unaoburutwa juu ya changarawe, na mara nyingi kuliko hizo nilikuwa nyumbani kwangu Mkunazini, mwendo wa dakika chache kwa miguu, nikisema kuwa Bi Kidude yupo tu, nitamsikia mwezi ujao. Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki. Nilikwenda mazikoni nikiwa na aibu ya mtu aliyealikwa karamu akaja asubuhi ya pili.

Basi ninaposema kuwa nashukuru, msomaji asidhani kuwa najisifia busara ya kuitumia fursa. Busara sikuwa nayo. Nilikuwa na binti mwenye buibui mlangoni, na mjukuu aliyekataa kula chakula cha mchana mpaka nimwahidi kuwa nitakuja, na kwa hao wawili nilitolewa nyumbani mara mbili katika majuma machache, kama mzigo unavyotolewa bohari, nikapata vitu ambavyo mwezi uliofuata havikuweza kununuliwa kwa fedha yoyote. Waimbaji nao, wapigaji, mwalimu aliyekesha akishona mapazia, hawakujua kuwa wanatuaga. Wangalijua, pengine wangalifanya kwa huzuni, na huzuni ingaliharibu. Ndiyo maana ile noti ya elfu kumi niliyokuwa nayo mfukoni usiku wa Ngome Kongwe, niliyoona haya kuinuka nayo kwa sababu ya goti, mpaka leo naiona kuwa ni deni.

Mwaka ule ulikuwa na moja jingine la kutuonyesha. Kutoka pale kidato cha tatu, wimbo ukikuchosha, na nyimbo nyingine huchosha, ulikuwa ukiinua macho ukauona juu ya ukuta mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, nami kwa miaka nilikuwa nikiutazama bila ya kuufikiri, kama mtu atazamavyo paa la nyumbani kwake. Tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likitengenezwa, sehemu ya jumba lile iliporomoka na mnara wake, na watu wawili wakafa. Sikumbuki ni lini niliutazama kwa mara ya mwisho.

Februari iliyofuata tamasha lilirudi Ngome Kongwe, likiwa la siku chache zaidi, nami nilikuwa nimevaa kanzu tangu alasiri, binti yangu akanicheka. Nilikwenda na mito miwili na noti mbili. Mama aliyekuwa mbele yangu aliponiona nahangaika na vidato alinishika mkono, tukaenda kutunza pamoja, na sina shaka kuwa kuna mtu ukumbini aliyejiuliza tunamsema nani.

Mjukuu wangu sasa ni kijana, sauti imekwisha kuvunjika na ndevu mbili tatu zimeota. Mchezo haukurudiwa, skuli zilipofunguliwa katikati ya mwaka palikuwa na mitihani ya kukimbizana nayo, na mwalimu yule alihamishiwa shamba. Juzi nilimwomba mjukuu wangu anisemee maneno yake ya malaika. Alifikiri kidogo, akacheka, akasema, "Babu, mimi nayakumbuka ya yule mama tu." Mbawa ziko darini, panya wamekula pamba ya upande wa kushoto.